Ampandishaye Askari Cheo Ndiye Bwana Wake



Yako magomvi ambayo raia huyapita kando kama apitavyo mtu nje ya nyumba yenye ugomvi wa mke na mume. Kesi za askari polisi juu ya vyeo vyao ni mojawapo. Koplo amewashtaki wakubwa wake kwa sababu kijana aliyeingia kazini miaka mingi baada yake sasa ndiye anayepigiwa saluti. Mkulima wa viazi akisikia habari hiyo hucheka, akasema, hayo ni yao wenyewe, wacha wamalizane. Sisi tunasema si yao peke yao. Katika nchi yetu, anayeamua ni askari gani apande na ni yupi abaki chini ndiye anayemwamuru askari huyo usiku na mchana, na suala la nani anamwamuru askari ndilo lililotutoa majumbani tulipodai vyama vingi.

Wazee wa harakati hawajasahau. Kabla ya Kifungu cha 2A kufutwa mwezi wa Desemba 1991, na hata baada ya hapo mpaka mageuzi ya 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali, na asiyekuwa na leseni alijibiwa kwa rungu. Siku ya Saba Saba mwaka 1997 polisi walivamia Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, na Mchungaji Timothy Njoya akapigwa pamoja na waliokuwa wamekimbilia humo. Wengi wetu tuliwalaani askari wale. Wachache waliuliza swali la pili: je, askari ambaye dhamiri yake ingemkataza kumpiga mchungaji angekwenda wapi na dhamiri yake? Kamishna wa Polisi aliteuliwa na Rais. Maofisa walipanda kwa ridhaa ya Kamishna na ya wale waliokuwa wakimpigia simu Kamishna. Askari aliyekataa amri mbovu hakuhitaji kufukuzwa ili aadhibiwe; ilitosha asahauliwe. Angestaafu na cheo kile kile alichotoka nacho Kiganjo, huku wenzake waliokuwa wepesi wa rungu wakimpita mmoja mmoja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katiba tuliyopewa wakati wa Uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Tume ya Huduma ya Polisi, iliyokusudiwa kumkinga askari na mkono wa wanasiasa. Tume ile haikudumu. Ilifutwa katika marekebisho ya katiba ya miaka ya kwanza ya Uhuru, wakati Ikulu ilipokuwa ikikusanya kila ufunguo wa nyumba katika mfuko mmoja. Matunda yake tuliyala kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2004 hata kilele cha ngazi kilitolewa mikononi mwa polisi wenyewe: Brigedia Mohammed Hussein Ali alitolewa jeshini akafanywa Kamishna, na kila ofisa aliyekuwa akihesabu miaka yake kazini akajifunza kwamba hesabu hiyo haina thamani. Baada ya umwagaji damu wa uchaguzi wa 2007, jopo la Jaji Philip Ransley liliundwa mwaka 2009 kuchunguza polisi, na miongoni mwa maradhi liliyoyataja ni upendeleo, ukabila na hongo katika kuajiri na kupandisha vyeo. Novemba 2023 jopo jingine, la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lilimkabidhi Rais ripoti yake. Likakuta maradhi yale yale, pamoja na askari waliokaa katika cheo kimoja miaka na mikaka.

Kati ya ripoti hizo mbili wananchi walifanya jambo kubwa. Mwaka 2010 tulipiga kura tukapitisha Katiba, na Kifungu cha 246 kikaturudishia kile kilichofutwa: Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi. Tunaomba kila msomaji akifungue kifungu hicho akisome mwenyewe, kwa maana kesi zote tunazozungumza zinazunguka humo. Katika sentensi moja, Tume imepewa kazi ya kuajiri na kuteua watu katika Huduma, kuwathibitisha kazini, na kuamua upandishaji vyeo na uhamisho. Na Kifungu cha 245, kinachomweka Inspekta Jenerali, kinakataza mtu yeyote kumwamuru kuhusu kuajiriwa, kupangiwa kazi, kupandishwa cheo, kusimamishwa au kufukuzwa kwa askari. Maana yake kwa mtu mwenye nia njema si ngumu: waziri asiguse, mbunge asiguse, Ikulu isiguse, na Inspekta Jenerali asifanye peke yake.

Lakini tangu siku ya kwanza wakubwa hawakupenda. Mwaka 2013 nchi ilimwona Inspekta Jenerali wa kwanza, David Kimaiyo, akivutana hadharani na mwenyekiti wa Tume, Johnston Kavuludi, juu ya nani mwenye haki ya kuhamisha na kupandisha maofisa. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya usalama, ile iliyopitishwa katikati ya vurugu na maji kumwagwa Bungeni, na ndani yake Tume ikanyang'anywa kazi ya kuwasaili wanaotaka kuwa Inspekta Jenerali. Tangu hapo Rais humtaja amtakaye na Bunge huidhinisha. Kilele cha ngazi kikawa kimerudi Ikulu, na sisi tulikuwa tumeshughulika na ugaidi hata hatukuona.

Sasa tufike kwenye hukumu iliyotufanya tushike kalamu. Mwezi wa Septemba 2025 Tume ilitangaza kuajiri makonstebo 10,000. Bwana John Harun Mwau, ambaye wasomaji wetu wa makamo watamkumbuka kuwa aligombea urais mwaka 1992 kwa chama cha PICK, na ambaye wakati mmoja alikuwa polisi mwenyewe, alikwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kupinga. Tarehe 30 Oktoba 2025 Jaji Hellen Wasilwa alikubaliana naye: kuajiri polisi si kazi ya Tume, ni kazi ya Inspekta Jenerali, kwa kuwa Inspekta Jenerali ndiye aliyepewa amri juu ya Huduma. Mwezi uliofuata vijana waliajiriwa chini ya Inspekta Jenerali Douglas Kanja.

Tunaiheshimu mahakama. Tuliipigania ipate uhuru wake na hatutaitukana siku inapotoa hukumu tusiyoipenda. Lakini kuheshimu si kunyamaza. Tunauliza: ikiwa neno la kwanza la sentensi ya Kifungu cha 246, yaani kuajiri, limesomwa hata halina nguvu, neno jingine la sentensi hiyo hiyo, yaani kupandisha vyeo, litasimama juu ya nini? Yote mawili yamo katika pumzi moja. Leo ni vijana wanaoingia. Kesho wakili hodari atasema kwamba kumpandisha askari cheo nako ni sehemu ya amri. Hapo tutakuwa tumerudi mwaka 1988 tukiwa na Katiba ya 2010 mkononi. Juu ya mahakama ile ziko Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu, na ndiko swali hili linakostahili kupata jibu la mwisho.

Wako watu waaminifu wanaotetea upande wa pili, na tusiwadharau. Wanasema kamanda hawezi kuwaamuru watu ambao hana uwezo wa kuwatuza wala kuwaadhibu. Kwamba Tume yenyewe imenuka rushwa. Kwamba raia wasiovaa sare hawajui askari hodari ni yupi. Hoja ya rushwa ni ya kweli, na jopo la Maraga halikuificha. Hata hivyo dawa ya tume inayokula rushwa ni kuisafisha. Mwenye nyumba hachomi ghala kwa sababu ya panya. Na hiyo ya kamanda kunyimwa sauti si kweli hata kidogo. Inspekta Jenerali na manaibu wake wawili ni wajumbe wa Tume kwa mujibu wa Katiba, na pamoja nao wamo maofisa wakuu wawili waliostaafu. Wajumbe watano kati ya tisa wamevaa sare au waliwahi kuivaa. Kamanda ana kiti, ana sauti, ana kura. Asichokuwa nacho ni kalamu ya peke yake, na hiyo ndiyo anayoitafuta.

Turudi kwa koplo wetu aliyekwenda mahakamani, maana yeye hasa ndiye tunayemtetea. Ukongwe kazini ni hesabu: tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kupata kila cheo, mafunzo aliyopita, na kati ya waliopanda siku moja nani alitangulia. Hesabu hiyo ikiwekwa wazi, ugomvi hupungua. Ikifichwa, kila uteuzi huonekana kuwa wizi hata pale ambapo si wizi. Mwaka 2018 serikali iliamua kuwahamisha maelfu ya askari wa utawala, wale tuliozoea kuwaita AP, kuwaingiza katika Polisi ya Kenya. Vikosi viwili vilivyokuwa na vyuo viwili na desturi mbili za kupanda ngazi vikamiminwa katika chungu kimoja. Sajenti wa huku na sajenti wa kule, nani mkubwa? Mwaka huo huo wa 2018 makonstebo wenye shahada za chuo kikuu, waliokuwa wakilipwa zaidi kwa ajili ya elimu yao, walikatwa mishahara, nao wakaenda mahakamani. Wengine watasema ni tamaa ya fedha. Sisi tunaona watu walioahidiwa ngazi, wakauza shamba ili wasome, na siku ya kukanyaga ngazi wakakuta imeondolewa usiku.

Tena askari hana pengine pa kwenda. Mwalimu akidhulumiwa ana chama chake na anaweza kugoma. Muuguzi vivyo hivyo. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 24, inaruhusu sheria kupunguza haki ya askari ya kujiunga na chama na ya kugoma, na hatupingi, kwa maana hatutaki watu wenye bunduki wagome. Lakini ukimziba mtu kinywa umempa deni. Mahakama ndiyo mlango pekee uliobaki wazi kwake, nao ni mlango mwembamba. Majaji wamesema mara nyingi kwamba kupandishwa cheo si haki ya mtu na kwamba mahakama haigawi vyeo. Inachoangalia ni kama utaratibu ulifuatwa na kama mtu alitendewa kwa usawa. Ni msimamo wa busara, lakini unamtaka koplo athibitishe kwamba utaratibu ulivunjwa, ilhali karatasi zote za utaratibu huo zimo katika kabati ya anayemshtaki.

Na je, akishinda? Tarehe 13 Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kifungo cha miezi sita Gilbert Masengeli, aliyekuwa akikaimu kazi ya Inspekta Jenerali, kwa kukaidi mara nyingi wito wa mahakama ya kueleza waliko watu waliotekwa. Haukupita muda jaji akaondolewa walinzi wake. Baadaye Bwana Masengeli alifika mahakamani akaomba radhi na hukumu ikaondolewa. Sisi tunajiuliza, ikiwa jaji wa Mahakama Kuu hutendewa hivyo, koplo aliyepata amri ya kurudishiwa nafasi yake atampelekea nani karatasi hiyo?

Mambo haya yamewasumbua wengine pia. Jimbo la Sindh huko Pakistani lilitunga sheria za kuwarukisha askari ngazi kwa kile kilichoitwa ushujaa. Kwa maneno ilikuwa tuzo. Kwa vitendo wenye kujuana walipanda juu ya vichwa vya wenzao. Juni 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilizifuta sheria hizo na kuamuru waliorukishwa warudi wakasimame pamoja na wenzao walioingia nao kazini. Mwaka 2015 wakubwa wakaomba hukumu iangaliwe upya, mahakama ikakataa. Iliona jambo ambalo wengi hapa kwetu hawajaliona: askari anayerukishwa na mwanasiasa hawi shujaa tena, anakuwa mtumishi wa nyumba.

Sisi watu wa Meru tusihitaji kufundishwa hili na Pakistani. Rika kwetu hupokea na rika hukabidhi, na katika *ntuiko* ya zamani kila mtu alijua ni akina nani wanaondoka na ni akina nani wanaingia. Hakuna aliyeamka asubuhi akakuta mdogo wake amekalia kigoda cha wazee kwa sababu ya mnong'ono wa jana. Hatusemi miaka pekee itoshe. Yuko mzee mvivu, na yuko ofisa aliyekaa kituoni miaka 30 akiota ukungu kama viazi vya msimu uliopita. Huyo asipandishwe kwa sababu ya mvi. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka ushindani wa haki na ustahili katika utumishi wa umma, nasi twataka hivyo hivyo. Kijana hodari ampite mzee, lakini ampite mchana, kwa sababu zilizoandikwa na zinazoweza kusomwa.

Kuna jibu moja tunalosikia sokoni linalotuudhi kuliko yote: kwamba tatizo litaisha tukipata mtu wetu juu. Tumekwisha kuwapata! Mathew Iteere, Kamishna wa Polisi kuanzia 2009 hadi 2012, ametoka upande huu wa mlima. Japhet Koome, aliyekuwa Inspekta Jenerali kuanzia Novemba 2022, ni mwana wa Meru. Je, ng'ombe walioibiwa Buuri walirudi kwa haraka zaidi? Je, lori la viazi lilipita vizuizi bila kutoa kitu kidogo? Mwezi wa Juni 2024 vijana wa nchi hii, wakiwamo wa kwetu, walipigwa risasi barabarani, na tarehe 12 Julai 2024 Bwana Koome akajiuzulu. Mtu wetu akiwa juu ya ngazi iliyooza ataanguka nayo, na sisi tulio chini ndio tutakaoangukiwa.

Kwa ndugu zetu wa makanisa tuna neno la pekee. Mara nyingi tumeombea polisi, ni vyema. Lakini Yethro, mkwewe Musa, hakuishia kuomba alipomwona mkwe wake amelemewa na kuhukumu watu peke yake. Alimpa utaratibu wa vyeo, wakuu wa elfu na wa mia na wa hamsini na wa kumi, na sharti alilolitaja la kumpa mtu cheo ni kwamba awe anachukia mapato ya udhalimu. Tazameni tofauti na kwetu. Askari aliyenunua nafasi ya kuingia, akanunua na ukoplo, hawezi kuchukia mapato ya udhalimu. Anayahitaji ili alipe deni. Analilipa kizuizini. Anayelilipa hasa ni mama mwenye magunia matatu ya viazi.

Basi tufanye nini? Kesi kubwa ziko Nairobi na mawakili wake wako huko. Sisi tuna silaha ndogo ambayo ni halali na haina gharama. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Tunaomba kila kundi la haki na amani, kila kamati ya kanisa na kila tawi la harakati katika Kibirichia liandike barua kwa Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi, likitaka mambo yafuatayo: orodha ya ukongwe kazini kwa kila cheo itangazwe mahali ambapo kila askari ataiona, majina ya waliopandishwa yatangazwe pamoja na vigezo vilivyotumika, na aliyeachwa aandikiwe sababu bila kuziomba kwa wakili. Nakala iende kwa Inspekta Jenerali, ili asije akasema hakujua, na kwa mbunge wa Buuri, ambaye siku Bunge litakapoletewa marekebisho mengine kama yale ya 2014 atatakiwa atuambie amepiga kura upande gani.

Msitaje jina la askari yeyote wa kituo chenu katika barua hizo, hata yule aliyewalilia shida zake, kwa maana atakayeumia ni yeye. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, mhesabu siku. Zikipita 21 bila jibu, barua ya pili iende kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kisheria ndiyo husikiliza malalamiko ya waliofichwa habari, na nakala yake tuletewe sisi tuichapishe katika toleo linalofuata.